Ulanga Ndani ya Kopo

Niliacha shule darasa la sita, lakini chochote cha kuchungulia kilinivuta. Ndiyo maana, miaka ile watu walipoanza kuuza mawe ya vito hadharani, nilijikuta Dodoma, kwenye baraza la dalali mmoja karibu na stendi, na kopo la maziwa nililolitoboa juu na chini. Kila tundu nililiziba kwa kioo cha miwani ya jua ya mtalii, ile inayochuja mwanga.

Mwanafunzi wa jiolojia ndiye aliyenifundisha. Mwanga hutikisika pande zote. Kioo cha kwanza huachia upande mmoja tu, na cha pili kikikingamana nacho, huuzuia. Giza. Ukiweka zumaridi katikati, huugawa mwanga sehemu mbili, moja ikachelewa kidogo. Zikiungana tena, mwanga umeshageuka, unapenya. Ukilizungusha, linawaka na kuzima. Chupa, ile ya vito bandia, haigeuzi kitu. Inabaki giza.

Siku moja akaja mama kutoka Chemba, kijiwe cha kijani kwenye pindo la khanga.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Niangalizie. Mume wangu katoa baiskeli akapewa hiki. Anasema kikiwa zumaridi kweli, anaenda machimboni. Na mvua hiyo inakuja.”

Nikakitia koponi, nikachungulia. Mwanga. Sikungoja hata kukizungusha.

“Hongera, mama!”

Hakucheka. “Basi mwaka huu nalima peke yangu,” akasema, akaongeza maneno ya kwao yenye sauti za kugonga ulimi, akaondoka.

Dalali akachukua kopo, akalielekeza mbinguni. “Wewe fundi, mbona linawaka likiwa tupu?”

Nikachungulia ndani, nikakumbuka. Asubuhi ile nilikuwa nimetandika ndani karatasi ya ulanga, ule tunaobandua kwenye miamba kama maganda ya kitunguu, ili mawe yasikwaruze kioo. Kumbe ulanga nao huuchelewesha mwanga na kuugeuza. Nikaung’oa, nikakimbia stendi na kopo langu.

Basi la Kondoa, lipitalo Chemba, lilikuwa linanguruma. “Mama! Nipe tena!”

Akanipitishia kijiwe dirishani. Nikakizungusha mara tatu nzima. Giza tupu.

“Chupa, mama! Chupa kabisa!”

Akapiga kigelegele, basi zima likageuka.

“Huyu kapata almasi?” kondakta akauliza.

“Nimepata mtu wa kulima naye.”

“Na baiskeli je?” nikamwuliza.

“Ataifuata kwa miguu,” akasema, akakifunga kile kipande cha chupa vizuri kwenye pindo, ili akamwonyeshe mumewe.