Bi Moymuna, Aliyehama na Mto

Arobaini ya Bi Moymuna ilisomwa asubuhi ya jua jepesi, haradali ikiwa imechanua kisiwa kizima. Watu walikuja kwa mashua, wengine walivuka mchanga kwa miguu, viatu mkononi. Hasna, mke wa mwanawe, alikuwa uani anakoroga wali wa dengu katika sufuria kubwa la kuazima aliposikia imamu, mgeni kutoka ng'ambo, akimuuliza mumewe Tofazzol marehemu alizaliwa wapi.

Tofazzol akanyoosha kidole katikati ya mto Jamuna. "Pale, maji yanapojizungusha."

"Pale ni mtoni, bwana."

"Leo ni mtoni. Enzi hizo palikuwa na kijiji, na msikiti, na mnada wa ng'ombe."

Imamu akayakodolea macho yale maji. Wenyeji hawakuona ajabu. Jamuna hula kisiwa hapa ukatapika kingine kule, na watu hubomoa nyumba zao za mabati wakaufuata. Bi Moymuna alihama tangu akiwa mgongoni kwa mama yake, akahama akiwa bibi harusi, akahama akiwa mjane. Ukimuuliza mara ngapi, alisukuma tambuu kutoka shavu hili hadi lile akajibu, "Muulize mto. Mimi nilikuwa nimebeba masufuria."

Hasna alitoka bara, ambako ardhi ikilala jioni huikuta palepale asubuhi. Siku za kwanza za ndoa yake alikuwa akisikia ukingo unamong'onyoka, kishindo baada ya kishindo, akalia kimya ndani ya upande wa sari. Mama mkwe wake hakumbembeleza. Alimpa nyundo, akampandisha juu ya banda la mbuzi, akamwonyesha namna ya kung'oa msumari bila kuupinda.

"Mama yako alikufunza kupika," alimwambia. "Mimi nakufunza kubomoa. Ukijua yote mawili, hutakufa njaa wala hutalala nje."

Wakati huo Hasna alimwona mwanamke mkavu. Miaka ilimfundisha kwamba ile nyundo ndiyo iliyokuwa pole yake.

Kisha ukaja mwaka ule mbaya. Tofazzol alikuwa Dhaka akiendesha riksho. Hasna alikuwa na watoto wawili, wote wa kike, na mimba ya tatu imefika mwezi wake. Mashariki ya uwanja wao aliishi jirani yao Jorina, mama wa wavulana watatu, mwenye ulimi wa kupasua kuni. Alikuwa hapiti kisimani bila kumtupia Hasna neno. "Wifi, safari hii tutakula halua ya mvulana, au ndiyo yale yale?" Hasna alimeza, kwa sababu Bi Moymuna alimkataza kubishana na mtu ambaye huenda kesho mkapanda mashua moja.

Mchana mmoja wa mvua mto ulikata ukingo bila taarifa. Kabla ya alasiri ulikuwa umekwisha kula kichaka cha mianzi, na ufa ulionekana katikati ya uwanja. Jamaa walikuja na mashua mbili. Hasna alikwisha shika nyundo, tumbo mbele, alipomwona mama mkwe wake anawapungia wanaume mkono waelekee mashariki.

"Anzeni kwa Jorina," alisema Bi Moymuna.

"Mama, nyumba yetu ndiyo iliyo karibu na maji."

"Jorina ana homa, hawezi hata kuinua kichwa. Mumewe yuko mbali na wanawe ni wadogo. Yetu ina mimi na wewe."

"Na pilipili zetu? Jiko letu?"

"Pilipili huota, mwanangu."

Hasna alikasirika, na kwa hasira ile ile aling'oa misumari kama hajawahi kung'oa. Katika nyumba yao waliwahi kuokoa paa, kuta na kitanda. Jiko liliondoka na mto, na magunia ya pilipili kavu, mavuno ya msimu mzima, yakaelea kidogo kama mito ya kulalia kisha yakazama. Bi Moymuna aliyatazama, akatema tambuu majini. "Kula," aliuambia mto. "Yakuwashe."

Walishukia kisiwa kipya kisicho na mti hata mmoja. Mabati ya nyumba mbili yakajengwa nyumba moja, na chini ya paa hilo wakalala wote. Hasna alimpa Jorina kisogo. Lakini uchungu ulipomshika, kabla ya wiki kwisha, mkunga alikuwa ng'ambo na mto umechafuka. Jorina, bado mwembamba kwa homa, ndiye aliyemkalisha, akamkanda kiuno na kumsemesha mpaka mtoto akatoka. Alikuwa msichana.

Hasna alifumba macho akisubiri neno. Jorina alimfuta mtoto, akamtazama sana. "Ana pua ya bibi yake," alisema. "Maskini, atatusumbua huyu." Wakacheka wote watatu, Bi Moymuna akiwemo, na Hasna akalia pia.

Tofazzol aliporudi, ami yake mmoja alimkalisha barazani kumshauri aoe mke wa pili, mwanamume asikose mrithi. Bi Moymuna alikuwa anapepeta mchele karibu yao. Hakuinua kichwa.

"Oa, baba," alimwambia mwanawe. "Ila siku ukimleta, mimi na Hasna na wajukuu zangu tutabomoa nyumba twende zetu. Unatujua, hatuchelewi."

Ami alikunywa chai yake akaaga. Neno lile halikurudiwa tena katika nyumba hiyo.

Baada ya hapo walihama tena na tena, na Bi Moymuna akazeeka akiamuru kutoka kitandani. Mwisho wake ulikuwa mwepesi. Alikataa kuzikwa bara, ambako makaburi hayaguswi na maji. "Nizikeni hapa hapa karibu nanyi," alisema. "Mto ukinifikia, nitawakuta wazazi wangu. Wako humo siku nyingi." Siku tatu baadaye alimwomba Hasna samaki mkavu wa kupondwa na pilipili, akala, akalala, hakuamka.

Dua ilipokwisha na wageni kula, Hasna na Jorina walikaa uani kusugua sufuria kwa majivu. Walikuwa wanawake wazima sasa, wenye mvi.

"Alikuwa ananigombeza mimi kuliko wewe," alisema Jorina.

"Wewe? Mimi alinipandisha juu ya banda la mbuzi, bibi harusi, hina mkononi."

"Mimi aliniambia ulimi wangu ungefaa kukata juti shambani."

"Hapo alisema kweli."

Jorina alimrushia maji. Hasna alijipangusa uso, akatazama nyumba, binti zake watatu wakikunja mikeka, mume wake akiwasindikiza wageni mashuani. Aliwaza kwamba hakuna alichokiona pale ambacho kisingekuwa maji kama si yule mwanamke. "Alhamdulillahi," alisema kwa sauti ndogo, na Jorina, bila kuuliza ni kwa lipi, akaitikia.