Mizinga Sita Ndani ya Yadi

Mfuga nyuki mmoja, mjane wa miaka hamsini na mbili, majirani walimwita Mama Asali. Jina hilo hakulipenda. Asali ni ya nyuki, alisema, yeye ni mwizi tu. Siku hiyo alikuwa anahamisha mizinga sita kwenda shamba la alizeti la wifi yake. Milango ya mizinga aliiziba kwa wavu tangu alfajiri, akijua lazima afike kabla jua halijawa kali.

Njiani rejeta ya pikapu ikachemka. Akaegesha kwenye uwanja wa duka la vifaa vya ujenzi, akaenda na dumu kutafuta maji. Aliporudi hakukuta gari.

"Wamelivuta watu wa kampuni ya kuvuta magari," alisema muuza duka bila kuinua macho. "Hapa ni mali ya mtu. Kibao kipo, na yadi yao imeandikwa palepale."

Kibao kilikuwapo kweli, nyuma ya rundo la mifuko ya saruji.

Alichukua pikipiki mpaka yadini. Kupitia upenyo wa geti la mabati aliiona pikapu yake, juani.

"Baba, nifungulie niwape nyuki wangu hewa tu," alimwambia mlinzi. "Gari kaeni nalo."

"Hapa hakitoki kitu bila ruhusa ya bosi, mama. Na bosi mpaka kesho."

"Kesho si watakuwa wameshaiva!"

"Sasa nyuki wakinivamia, wanangu utawalea wewe?"

Alipiga magoti kwenye vumbi. Mlinzi akageuka pembeni. Mama Asali akampigia wifi yake simu.

"Wifi, wamenifungia nyuki."

"Nenda manispaa. Utalia baadaye, sasa nenda!"

Manispaa alikaa kwenye foleni saa moja na nusu. Karani, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alimsikiliza mpaka mwisho, akafungua faili la sheria ndogo na kufuatisha mistari kwa kidole. Gari lisivutwe kutoka mali binafsi kama kibao hakionekani. Na hata likivutwa, mwenyewe asizuiwe kutoa vilivyomo. Akaandika barua, akaigonga muhuri.

"Kimbia, dada yangu."

Saa nane mchana mlinzi aliisoma barua ile mara mbili, akafungua geti. Asali ilikuwa inachuruzika kutoka kwenye bodi ya gari, imechanganyika na nta. Mama Asali aliweka sikio kwenye mzinga wa kwanza. Kimya. Wa pili, kimya. "Jamani," alikuwa akisema, "jamani," kama mtu anayegonga mlango wa nduguze. Ni wa tano tu uliovuma, kwa mbali. Mlinzi akaleta ndoo ya maji bila kuambiwa, wakaumwagia pamoja. Mlinzi alidungwa shavuni, akaendelea kumwaga.

Baada ya miezi miwili manispaa iliamua kwamba gari lilivutwa kinyume cha sheria, na kampuni ikapewa onyo. Mama Asali alimsomea wifi yake barua ya uamuzi huo jikoni.

"Na kuhusu nyuki wamesemaje?"

Aliipitia tena, mbele na nyuma.

"Humu hawamo," alisema.