Ngazi za Upanga na Picha Mia Nne za Husna

Si kweli kwamba Husna binti Twaha alimtoroka shangazi yake. Si kweli kwamba alikutwa chumbani na mwanamume. Kweli ni hii: alipanda ngazi za nyumba moja ya Upanga, ghorofa ya tatu, peke yake, Jumamosi mchana, na mlango ulikuwa wazi. Alikaa huko saa tatu. Aliyemruhusu ni mama yake mzazi, Mwalimu Sitara, ambaye alikuwa ndani ya eda na mwenye akili zake timamu.

Wanaomsifu Husna leo kwa vitabu vya watoto anavyovichorea na kwa michezo yake ya kompyuta ni walewale waliovumisha. Kwa hiyo ni vizuri habari hii iandikwe na anayeijua.

Alizaliwa Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, mtoto pekee wa Twaha, karani wa bandari. Alikuwa bado shule ya msingi biashara zilipofunguliwa na mjini kukajaa kila kitu, televisheni, kanda za video, na katika kanda hizo, katuni za Kijapani: wasichana wenye macho kama visahani, nywele zikipepea hata pasipo upepo. Watoto wengine walitazama wakasahau. Husna alikuwa akisimamisha kanda kwa kidole na kuiga picha, hata Bakili wa Magomeni aliyekuwa akikodisha kanda akalalamika kwamba anazichakaza.

Shangazi yake Kijakazi hakupenda. "Mwanao anachora majini, Sitara. Binadamu gani ana macho kama bakuli la mchuzi?"

"Wifi, tazama vizuri. Jini hilo limevaa kanga yako."

Na ni kweli, alikuwa amelivisha kanga ya shangazi yake. Macho yalikuwa ya Kijapani, lakini yaliyobaki yote yalikuwa ya Kariakoo.

Alipomaliza kidato cha nne alianza kuwachorea wenye maduka matangazo. Hivyo ndivyo alivyofahamiana na Gaurav wa Mtaa wa Aggrey, aliyekuwa akileta kompyuta za mitumba kutoka Dubai. Hakumlipa pesa. Alimpa mashine moja aitumie palepale dukani, mbele ya wateja. "Lakini dada, hii ni bidhaa," alimwambia. "Akija mnunuzi, inaondoka." Kisha, kwa kuwa naye alikuwa na moyo, akabandika juu yake karatasi yenye neno MBOVU, wanunuzi waipite.

Kwenye mashine hiyo mbovu Husna alifanya kazi miaka miwili. Alichora kwa kipanya, nukta kwa nukta. Aliunda gemu, kama vijana wasemavyo, ya msichana aitwaye Tunu anayevuka Kariakoo na sinia la vitumbua kichwani, akikwepa mikokoteni na mgambo. Picha zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Zote, pamoja na maagizo ya kuuendesha mchezo, zilikuwa ndani ya mashine ile tu.

Mwaka 2001 Twaha akafariki. Husna alikaa nyumbani na mama yake siku ishirini na nne. Gaurav alikuwa safarini. Dada yake, Shreya, aliyeshika duka, hakujua siri ya karatasi. Aliwasha mashine, akaiona nzima, akaibandua karatasi, akauza.

Husna aliporudi dukani Jumamosi hiyo, mahali pa mashine palikuwa patupu. Shreya alishika kichwa, akapiga simu kwa mnunuzi. Alipoiweka chini hakuweza kumtazama Husna usoni. "Iko Upanga. Fundi anaifuta leo saa nane, waweke hesabu za duka lao. Kesho fundi anasafiri Mwanza. Hawataki kungoja."

Husna aliingia chumbani kwa mama yake bila hata kuvua viatu. Ilikuwa saa sita na dakika arobaini.

"Mama, imeuzwa. Wanaifuta saa nane."

Kijakazi alikuwa mkekani akichambua mchele. "Kaburi la kaka yangu halijakauka udongo, wewe unataka kwenda kupanda maghorofa ya watu?"

Mwalimu Sitara hakuweza kutoka. Eda yake haikuwa imefika hata mwezi. Shemeji yake Ramadhan alikuwa kazini Kivukoni, na kumtafuta kungekula saa nzima. Alimtazama binti yake, ambaye hakulia siku baba yake alipozikwa, na sasa amesimama mbele yake na viatu miguuni.

"Ataenda," alisema. "Na wewe, wifi, utakwenda naye."

"Mimi, na magoti haya?"

"Msindikize mpaka magoti yatakapofika." Kisha akamgeukia Husna. "Yakiishia chini, panda. Mlango usifungwe. Usikae kitandani hata kama hakuna kiti."

Kijakazi alilisikia kila neno. Hilo alikuja kulisahau.

Teksi iliwashusha Upanga saa saba na nusu. Kijakazi aliziangalia ngazi, akaketi kwenye ya kwanza.

"Mimi nimefika. Na wewe umefika."

"Shangazi, mama amesema—"

"Mama yako ni mfiwa, hajui asemalo. Kaa hapa."

Husna alikunja baibui mkononi akapanda. Sauti ilimfuata hadi ghorofa ya pili: "Ukipanda, Husna, usiniite shangazi tena!"

Mlango ulikuwa wazi. Alimkuta bibi mmoja amevaa sari nyeupe, naye mjane. Jina lake Champaben.

"Shikamoo bibi. Nimefuata picha zangu."

"Marahaba. Wahi, yule fundi ameshaanza."

Mashine ilikuwa sebuleni. Fundi Severine alikuwa amepiga magoti mbele yake, na mjukuu wa bibi, Dhaval, amesimama nyuma. Kwenye kioo mstari wa buluu ulikuwa unasogea.

"Simamisha, kaka!"

"Dada, usinipandishe presha. Inafuta sehemu ya kwanza ya diski. Nikikatisha hapo katikati inaweza kufa, na mimi nimeitwa kuiponya."

"Picha ziko sehemu ya pili."

Severine aliuangalia mstari. "Nimeiambia ikimaliza ya kwanza iingie ya pili yenyewe. Kati ya sehemu hizo kuna sekunde moja, labda mbili, za kuizima."

"Bibi, tumeshalipa," alisema Dhaval. "Duka linasubiri."

"Duka limesubiri tangu babu yako," alijibu Champaben. "Fundi, weka kidole."

Severine akaweka kidole juu ya kitufe. Mstari ulisogea. Tisini. Tisini na tano. Mstari ulipojaa Severine alibonyeza, kioo kikawa cheusi, na watu wanne wakabaki wanatazama giza. Kisha maandishi yakarudi. Sehemu ya pili ilikuwapo.

Maagizo ya mchezo, kazi ya miaka miwili, yalikuwa yamekwenda. Picha zilibaki. Dhaval alitumwa kununua disketi, zikahitajika arobaini na tatu, nyingine zikagoma, zikaanzwa upya. Champaben aliweka kiti chake kizingitini, akakaa hapo mpaka ya mwisho. Saa tatu ndizo hizo.

Kijakazi alingoja saa moja akarudi nyumbani peke yake. Ilipofika alasiri mtaa mzima ulikuwa na habari.

Wiki ya pili baada ya hapo Ramadhan alikuja na dada yake Kijakazi. Waliketi barazani, Mwalimu Sitara alizungumza nao kutoka nyuma ya pazia.

"Shemeji, watu wanasema," alianza Ramadhan. "Binti ashike msahafu aape, yaishe. Asipoapa, aache mapicha hayo."

Husna alikuwa ameshatia udhu. "Nitaapa, mama. Sina ninachoogopa."

"Hutaapa."

"Mama, wataniachia picha zangu."

"Picha ni zako, hakuna wa kukuachia. Ukiapa leo kwa kupanda ngazi, kesho utaapishwa kwa kwenda sokoni. Shemeji, alipanda kwa amri yangu. Mwenye shaka aniapishe mimi."

Ramadhan hakuthubutu kumwapisha mjane wa kaka yake. Waliondoka bila kunywa chai, na Kijakazi hakukanyaga nyumba hiyo miaka minne. Posa iliyokuwa ikinong'onwa ikafa kabla haijaletwa.

Husna aliunda upya maagizo yote kwa mwaka na miezi miwili, safari hii kwenye mashine yake mwenyewe. Tunu aliuzwa kwenye CD Kariakoo nzima. Mchapishaji mmoja akamwita achore kitabu cha kusomea cha watoto, kisha cha pili. Sasa ana chumba chake cha kazi na vijana watatu anaowafundisha.

Bado wapo wanaobisha hodi kwa Mwalimu Sitara, wakizunguka na maneno hadi wafike Upanga. Yule kijana Dhaval alikuwa akisema nini muda wote ule? Kwa nini hadi leo Husna hajaolewa? Wifi aliporudi baada ya miaka minne, aliomba radhi au hakuomba?

Mwalimu Sitara huwapa kiti, na chai wakitaka. Wanachoambiwa ni kimoja: alikwenda kuchukua kazi yake, akaichukua. La zaidi hasemi, wala hatasema.