Sufuria ya Pilau Njia ya Hatta

Ijumaa, Novemba 2014. Asubuhi palikuwa na ukungu, kisha jua likatoka, la upole, lile la baada ya joto kuvunjika.

Naandika nikiona haya. Shule yangu iliishia darasa la nane, lakini nitajaribu kusema kama ilivyokuwa.

Wakenya wa ofisi za Jumeirah Lake Towers, ninakouza kahawa, walikodi basi la kwenda Hatta, milimani, tupande mlima kwa miguu hadi ziwani. Tangazo lao lilikuwa na picha ya ziwa la Ulaya na miti ya manjano. Walisema nije na mwenzangu, nikamwalika mama wa Unguja ninayelala naye chumba kimoja. Yeye ndiye aliyenipokea Dubai, akanifundisha hata kupanda metro. Huniita mwanangu.

Aliamka alfajiri akapika pilau, akaifunga sufuria kwa kanga. Kwao na kwetu, huendi matembezini mikono mitupu.

Lakini nilipowaona wenzangu na mabegi ya mgongoni na viatu vya mlimani, na yeye ana makubadhi na sufuria kichwani, nikaongeza mwendo.

"Mwanangu, hiyo miti ya manjano iko wapi?" aliita. "Mie naona mawe tu!"

Nilijifanya sisikii.

Kijana mmoja wa benki akaniuliza, "Huyo mathe wa sufuria ni wa nani?"

"Simjui. Labda amekuja na wale wengine."

Nikageuka. Alikuwa hatua tatu nyuma yangu. Alirekebisha kata chini ya sufuria, akaendelea kupanda.

Niseme haki: kijana yule hakumdharau, aliuliza tu. Uongo ulikuwa wangu peke yangu.

Ziwani maji yalikuwa ya kijani, na kando yake mikunazi miwili mitatu. Mikate ya wenzangu iliisha upesi. Kanga ilipofunguliwa, harufu ikawaita wote, na yule kijana akawa wa kwanza.

"Mama, utatuua!"

"Kufa umeshiba, baba."

Aliwapakulia wote. Nilisogea mwisho.

"Karibu, mgeni wangu," akaniambia. "Hatujuani, lakini kula. Sina uchoyo mie."

Watu walicheka, wakidhani ni mzaha. Mimi nilikula nimeinamia sahani.

Wakati wa kuteremka niliichukua sufuria nikajitwika bila kuambiwa. Kijana akashangaa. "Kumbe mnajuana?"

"Ni mamangu wa hapa. Nilikudanganya."

Nilisema kwa sauti ili mama naye asikie. Mpaka sasa sijui kama nilisema kwa ajili yake au nipate nafuu mwenyewe. Alikuwa mbele, hakugeuka.

Jioni, chumbani kwetu, hatukupika. Tulikula ukoko uliobaki, kwa chai ya rangi. Aliukwangua mwenyewe, akaugawa nusu kwa nusu, wala hakunipunja, akanisogezea sahani.

"Kula," alisema. Basi, hivyo tu.