Uzi Ndani ya Soksi ya Makokha

Nakumbuka ile Jumamosi ya soksi za manjano, mjukuu wangu, na hadi leo nikiikumbuka mikono yangu hutafuta kitu cha kushika. Nimekuita uketi nami hapa jikoni kwa sababu ya zile nguo ulizonionyesha kwenye simu, za huyo mtoto unayemsubiri: gauni lenye lesi shingoni, kofia yenye riboni, viatu vya kufuma. Ni nzuri, sikatai. Lakini nilipoziona niliogopa, ndiyo maana nikanyamaza ukadhani nimekasirika.

Baba yako Makokha alikuwa na wiki sita. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nimeolewa hapa Shianda juzijuzi tu, na nia yangu yote ilikuwa watu waseme kwamba mke wa Were anajua kuvalisha mtoto. Nilikuwa nimechambua rundo la mitumba sokoni mpaka nikapata seti nzima ya sufu ya manjano: fulana yenye vifungo mgongoni, kofia, na soksi ndefu za kufungwa kwa utepe. Sufu, mwanangu, chini ya mabati, na jua letu hili! Sikuzigeuza niangalie ndani. Wahenga walishasema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, lakini nani husikiliza wahenga akiwa na miaka kumi na tisa?

Tena nilikuwa na hofu nyingine. Upande wa chini wa boma letu aliishi mjane mzee tuliyemwita Kukhu Nabwire, yaani Bibi Nabwire, na ilisemekana ana jicho baya. Akimtazama mtoto, walisema, tumbo la mtoto huvimba na kilio hakikatiki mpaka azikwe. Nilimwona mwenyewe sokoni akisogeza uso karibu kabisa na mtoto wa mtu, macho ameyaminya, na yule mama akamnyakua mwanawe akaondoka bila kuaga. Basi nikaapa kwamba hakuna mtu atakayeiona ngozi ya Makokha. Nilimfunika kutoka utosini hadi unyayoni. Hata kumwogesha nilimwogesha mlango umefungwa, gizani, haraka haraka, nikamvisha tena.

Asubuhi ile Kukhu Nabwire alikuja kumwona mtoto, na kuku mkononi. Mgeni aliyekuja na kuku humfukuzi. Alisogeza uso, akapapasa miguu juu ya soksi, akauliza, "Mama Makokha, unamfunganga hivi kila siku? Hebu mtoe hizi vitu kwa miguu apumue."

Nilimdanganya kwamba mtoto ana mafua, na alipoondoka nikaukaza utepe zaidi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husema, ila mimi guu lililokuwa linavunjika halikuwa langu.

Kilio kilianza baada ya chakula cha mchana. Vilio vya mtoto nilikuwa nimeanza kuvijua, cha njaa na cha usingizi, lakini hiki sikukijua. Alilia mpaka sauti ikakatika, akabaki ameachama kinywa bila pumzi, halafu akaanza upya. Nilimpa ziwa akalitema. Mama mkwe wangu alimsugua tumbo juu ya fulana, akamweka begani, akamwimbia. Jasho lilimtoka mtoto chini ya kofia mpaka sufu ikalowa, na bado hakuna kati yetu aliyethubutu kumvua. Tuliogopa kwamba jicho likiwa bado linazunguka hapo nyumbani, litamkuta yuko wazi.

"Ni yule mama," mama mkwe akanong'ona. "Kimbia umlete. Aliyemtazama ndiye atamshika kwa mkono wake, hiyo kitu itoke. Isipotoka..." Hakumalizia, na mimi sikutaka amalizie.

Nilikimbia, mwanangu. Njiani nilikuwa nazika mtoto. Nilikwisha kuona kaburi dogo nyuma ya migomba, nikajiona nikirudi kwetu mikono mitupu. Nilimkuta Kukhu Nabwire anapepeta mahindi, nikamwambia mambo ambayo mtu hamwambii mzee. Alitua ungo, akanifuata, na mwendo wake wa polepole ukanitia wazimu.

Alipofika akasema, "Mvue zote."

Nikakataa. Nilimkumbatia Makokha nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Nikimvua mbele ya macho yale atakufa, ndivyo nilivyoamini, na nisipomvua ninamwona anaisha mikononi mwangu. Sijui nilisimama pale muda gani. Mama mkwe naye alikuwa analia. Kisha mtoto akanyamaza ghafla, akalegea, na ukimya ule ndio ulionivunja. Nilimlaza kitandani nikaanza kung'oa vifungo.

Mguu wa kulia ulikuwa salama. Soksi ya kushoto ilipotoka, nikaona kidole cha pili kimevimba, rangi yake kama zambarau iliyoiva. Nilipiga ukunga. Kukhu Nabwire akainama mpaka pua yake ikakaribia kugusa ule mguu, akapitisha ncha ya kidole chake taratibu.

"Kuna uzi hapa," akasema. "Umekizunguka kidole, umezama ndani ya nyama. Utafute wewe, mama. Mimi macho yangu yaliisha zamani, nisiposogea hivi sionangi kitu."

Hapo ndipo nilipoyatazama macho yale kwa mara ya kwanza. Yalikuwa na ukungu mweupe. Mwanamke tuliyemwogopa kwa kutazama alikuwa haoni.

Mama mkwe alishika mguu, mimi nikauinua uzi kwa ncha ya sindano na kuukata kwa wembe. Damu ikatoka, na mtoto akalia tena, nami nikamshukuru Mungu kwa kilio hicho. Babu yako aliitwa kutoka shamba la miwa akatupakia kwenye baiskeli mpaka zahanati. Muuguzi alituambia kwamba tungechelewa hadi kesho kidole kingekatwa. Baba yako umewahi kumwona amevaa ndara? Hapendi watu waone kovu la kidole kile.

Jioni nilikwenda kuomba msamaha. Nilijua tu kupiga magoti. Kukhu Nabwire aliniacha nimalize, kisha akaniomba nimpe mtoto ambebe kidogo. Alisema amekaa kijiji hiki miaka yote hiyo na hajawahi kupewa mtoto wa mtu. Niliona haya ambayo haijaniisha.

Basi sikia, mwanangu. Nguo ya mtoto haivaliwi kwa ajili ya wageni. Nunua pamba laini, yenye shingo pana na vifungo mbele, umvue upesi hata mikono ikitetemeka. Riboni na kamba shingoni hapana, hata kama shangazi yako wa Nairobi ndiye ameleta. Mtumba ufue, uanike, upige pasi, na kila soksi uigeuze ndani nje uipapase kwa kidole, ukate kila uzi. Ukimgusa kisogoni ukakuta jasho, umemzidishia, mpunguzie. Mwogeshe mahali penye mwanga, umtazame katikati ya vidole vyote. Na ukikuta uzi umezama, usishike wembe kama mimi, kimbia hospitali. Zaidi ya yote, mtoto akilia kilio usichokijua, mvue kwanza. Adui wa kumtafuta kijijini atangoja.

Ulipozaliwa wewe, watu wa ukoo walinung'unika, eti jina nililokupa si la kwetu. Niliwaambia ni deni langu la zamani, nalilipa. Nabwire, mwanangu, Mungu akufungue salama. Akupe mtoto anayelia kwa njaa tu. Na siku mtu mzima atakapopiga hodi kwako, anyooshe mikono kuomba mtoto, Mungu akupe moyo wa kumpa.