Siku Tulipoazima Kijiji

Aliyeanza ni mbuzi. Wengine husema nilianza mimi, wengine humtaja mke wangu, lakini mimi nilikuwepo na nasema ni mbuzi.

Tunakaa nje ya Kakuma, upande ule ambao kambi ya wakimbizi inaishia na miiba inaanza. Watu wa shirika fulani lenye ofisi Lodwar walikuwa wameshatuzoea. Ni watu wazuri, siwezi kuwasema vibaya, chakula chao nimekila. Kiangazi kilipokuwa kibaya walileta unga na mafuta ya kupikia. Walileta pia vitabu vya shule, na kimoja kilikuwa na picha ya ng'ombe mnene sana, mpaka sisi wazee tulikizungusha kutoka mkono hadi mkono na mtoto akalia akidai kitabu chake. Sasa walitaka kutuletea maji. Bomba litoke kwenye kisima cha mashine, livuke barabara, lifike kwetu, liwekwe tangi na mfereji.

Mimi nililitaka hilo bomba kwa sababu ya mjukuu wangu. Maji yetu yako mtoni, lakini ukimwambia mgeni mto, yeye anafikiria maji, kumbe mto wetu ni mchanga. Unachimba shimo, unaingia, unachota kwa kikombe, na kiangazi kikizidi shimo nalo linazidi, mpaka anayechota haonekani, unasikia tu akikohoa huko chini. Mke wangu mgongo ulikataa. Mimi mguu ulikataa, huu wa kushoto, nilioumizwa na ngamia, na yule ngamia hata hakuwa wangu, lakini hiyo ni habari nyingine. Aliyebaki ni msichana. Anatoka alfajiri, anarudi na jerikeni kichwani wakati wenzake wanakaribia kumaliza masomo. Mwalimu alitwambia waziwazi kwamba mtoto akiendelea hivyo atamtoa, na chakula chake cha mchana pale shuleni atapewa mwingine. Bomba likija, mtoto anasoma. Lisipokuja, hasomi. Habari yenyewe ni hiyo, mengine ni mdomo wangu tu.

Basi afisa wa shirika akaja. Ni kijana wa kwetu kabisa, mama yake ana duka Kanamkemer, ila ofisi imemfundisha kutembea haraka hata mahali pasipo na kitu cha kuwahi.

"Ejok, wazee," akatusalimu. "Wafadhili wanafika Alhamisi. Wanataka kuona watu. Kuna kijiji kingine kinaomba bomba hilohilo, kwa hiyo wakiwakuta wengi hapa, kazi imekwisha."

"Watatukuta," tukamwambia. "Kwani tutaenda wapi?"

Sasa ndipo mbuzi anapoingia. Jumanne wazee tulikaa kupanga nani atawasalimia wageni, na huwezi kupanga jambo kama hilo na tumbo tupu, kwa hiyo tukachinja. Na kwetu ukichinja huli tu kama mtu wa hoteli. Matumbo yanatandazwa kwanza, na anayejua anayasoma. Msomaji wetu ni jirani yangu, tumekua pamoja, mtu mfupi mwenye kelele. Akakaa kwenye kistuli chake, akainama, akageuza utumbo kwa kijiti.

"Mvua," akasema.

"Wapi?"

"Milimani, upande wa Uganda. Nyasi hizi hapa. Tazama zilivyosimama."

"Mvua ya lini?"

"Haya ni matumbo, bwana, si redio!"

Mfugaji akishasikia mvua, miguu yake hailali. Jumatano asubuhi nikatoka nje nikakuta punda wamefungwa mizigo, vyungu, ngozi, fito za nyumba, na vifaranga wa kuku wakichungulia kwenye kikapu. Nikamfuata jirani nikichechemea.

"Na wafadhili?"

"Wasalimie sana."

"Nitawaambia mko wapi?"

"Karibu tu. Milimani."

"Wewe, bomba linaletwa kesho!"

Akaniangalia kwa huruma, kama mimi ndiye nisiyeelewa. "Sikiliza, ndugu yangu. Hao watu wana uchungu kwa sababu sisi hatuna maji. Wakisikia tumepata mvua, si watafurahi?"

Wakaondoka wote na mbuzi wao, wakaacha vumbi, nyua za miiba, mimi, mke wangu na mjukuu wetu, ambaye hakuwaona hata wakiondoka kwa sababu alikuwa shimoni mtoni.

Lazima niwaambie kidogo juu ya mke wangu. Yeye ni wa Kerio, kule ziwani, watu wa samaki. Nilipomwoa ndugu zangu walinicheka, wakasema mke atanuka samaki, mahari ilipwe kwa tilapia. Yeye akawajibu palepale kwamba samaki angalau hafi kwa kiangazi. Tangu siku hiyo sijawahi kumshinda kwa maneno, na nimejaribu.

"Watu wakiwa hawapo, wanaazimwa," akasema.

"Watu hawaazimwi."

"Chumvi tunaazima. Sufuria tunaazima. Watu wana nini?"

Akapanda boda boda na magunia yake mawili ya makaa, akaenda kambini kwa rafiki yake, mama mmoja wa Sudan Kusini anayenunua makaa kwake. Mama huyo anauza biskuti na sabuni, na ndiye kiongozi wa kwaya ya akina mama kanisani kwao. Mimi nilibaki nikijiambia hatafanikiwa.

Alhamisi nikaona kitu kinakuja kutoka upande wa kambi. Kwaya nzima! Wamevaa nguo nyeupe na mikanda ya buluu begani, warefu wote, viatu vinang'aa, na ngoma imebebwa kwa baiskeli. Kwangu hakuna hata mti unaofikia bega la yule kiongozi wao.

"Mama ya makaa alisema wageni nakuja na watu hakuna," akaniambia akipangusa jasho. "Sasa, baba, sisi si watu?"

"Ni watu, mama. Karibuni kijijini kwenu."

Magari yakafika. Akashuka yule kijana afisa, na mzungu mama mzee mwenye kofia kubwa, na wengine wa kupiga picha. Kabla sijafungua mdomo ngoma ikalia, kwaya ikaanza kuimba kwa Kiarabu cha Juba, kwa sauti ya kutosha kufika Lodwar. Mama wa kofia akapiga makofi, akafurahi, akacheza hata. Afisa hakucheza. Alikuja akasimama karibu na sikio langu.

"Mzee, hawa ni akina nani?"

"Ni watu."

"Naona ni watu. Watu wa wapi?"

"Wa Mungu."

"Mzee wangu," akasema polepole, "mimi nimezaliwa Kanamkemer, sikuzaliwa jana."

Mgeni akaanza kuuliza maswali, afisa akitafsiri. Akamuuliza kiongozi wa kwaya ana mbuzi wangapi. Yule mama ni mtu wa kanisa, hawezi kusema uongo, akasema hana mbuzi, ana biskuti. Mgeni akatazama huku na huku. Ndipo akaona kile ambacho mimi na mke wangu tulikisahau kabisa.

"Anauliza nyumba ziko wapi," afisa akasema.

"Zimeenda."

"Nyumba zimeenda wapi, mzee?"

"Na punda."

Kwaya ikacheka. Na saa hiyo mjukuu wangu akatokea, jerikeni kichwani, mchanga mpaka kwenye nyusi, akasimama akishangaa kijiji chenye mikanda ya buluu. Nilipomwona nilichoka na mchezo. Nikasema yote: mbuzi, matumbo, mvua, punda, kwaya. Nikamwonyesha na mtoto, nikasema anatoka wapi saa hizi, na wenzake wako wapi. Afisa alitafsiri akiangalia viatu vyake. Mke wangu aliniangalia kwa jicho ambalo sitalieleza hapa.

Mama wa kofia akamtazama mtoto, akatazama nyua tupu, akauliza neno moja.

"Anauliza, watarudi?"

"Hilo mpaka uchinje mbuzi," nikasema.

Nilisema kwa mazoea tu, lakini yeye akaona ni jibu, akakaa chini. Tulikuwa tumemfunga mbuzi wa kuwakaribisha, wa mwisho mwenye nyama, basi tukamchinja. Matumbo yakatandazwa, na wote wakanigeukia mimi, kwa sababu msomaji mwenyewe alikuwa milimani akila nyasi na mbuzi wake. Mgeni akavaa miwani, akainama karibu kuliko mimi. Mke wangu akanibana ubavuni.

"Sema wanarudi."

Nikageuza utumbo kwa kijiti kama nilivyoona wenzangu wakifanya. Niliona utumbo.

"Mwambie sioni kitu," nikamwambia afisa. "Lakini jirani yangu namjua. Nyasi zikiisha kule atarudi hapa, na zikiota pengine ataondoka tena. Hata mkimjengea bomba la dhahabu."

Afisa akashika kichwa. Mgeni akauliza kama hapa petu kuna kitu chochote ambacho hakihami.

"Jua," mke wangu akasema.

"Mwalimu wenu," akasema yule mama wa kwaya. "Jana nilimwomba aje atujazie sauti nzito. Alikataa. Alisema hawezi kuacha darasa. Nilimwahidi hata soda."

Mama wa kofia akasimama, akajipangusa mchanga, akaomba apelekwe kwa huyo mtu aliyekataa soda.

Bomba lilikuja. Halikufika kwetu, lilifika kwenye ua wa shule, na mwalimu akaweka sheria yake: mfereji unafunguliwa baada ya somo la mwisho, jerikeni moja kwa kila aliyesoma, na asiyesoma asipange foleni. Mjukuu wangu sasa anatoka na jerikeni tupu asubuhi, anakula githeri yake ya mchana, anasoma, anarudi na maji. Hajatolewa.

Jirani yangu na wenzake walirudi nyasi zilipoisha, wamenenepa, wakasema matumbo hayakukosea. Wakauliza bomba liko wapi. Waliposikia sheria walitukana sana, kisha kesho yake kila boma likatuma mtoto shuleni na jerikeni, hata watoto ambao baba zao waliapa kwamba mchunga mbuzi ni wa mbuzi, si wa shule. Darasa likajaa, wengine wakakaa madirishani.

Lakini jirani ana mbuzi wachanga, na jerikeni moja haimtoshi. Wiki iliyopita akanijia.

"Ile sheria inasema mtoto aliyesoma, au inasema aliyesoma?"

"Aliyesoma."

Sasa tunaenda wote wawili. Mwalimu alijaribu kutufukuza, akashindwa, akatuweka nyuma, kila mzee na kistuli chake na jerikeni katikati ya magoti. Mimi shuleni nilikaa kidogo sana utotoni, jirani hakuwahi kabisa, kwa hiyo ananiuliza kila kitu. Juzi mjukuu wangu aliitwa mbele kusoma ubaoni. Alisoma bila kusita, mstari hadi mstari, na jirani akanipiga kiwiko, akauliza kwa ile sauti yake ya kuita punda, kama mtoto amepatia.

"Nitajuaje?" nikamwambia.

Msichana akageuka, chaki mkononi. "Babu," akasema, "na wewe babu mwingine, nyamazeni. Mtatukosesha maji."