Kiungo Kisichoraruliwa Sikiamini

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye gereji moja ya Kisenyi, hapa Kampala, fundi mkuu alinitazama kuanzia viatu hadi mtandio, akacheka. "Binti wa Kinubi, umekuja kutupikia chai?" Nikamwambia, "Chai mtapika wenyewe. Mimi nimekuja kuchomelea." Wallahi ndivyo nilivyomjibu, na sikubadilisha ulimi mpaka nilipostaafu.

Siku hizo tulichomelea kwa umeme: cheche, moshi, macho mekundu. Baadaye nilisomea ufundi, nikaajiriwa kwenye karakana ya utafiti upande wa Mulago. Huko nikakuta mashine isiyotoa cheche hata moja. Unalaza bati la chuma juu ya jingine, mashine inashusha pini ngumu inayozunguka kwa kasi, na joto la msuguano linalainisha chuma bila kukiyeyusha. Pini inayakoroga mabati yote mawili mahali pamoja, kama mwiko unavyosonga ugali wa posho, kisha inanyanyuka. Kinabaki kitundu, na kukizunguka, kiungo.

Mtafiti mkuu, mzee mpole asiyependa haraka, ndiye aliyetufundisha mambo ya unga. Kabla ya kukoroga tulitoboa kishimo kwenye bati la chini, tukatia unga wa madini uliosagwa laini kuliko wanja. Wenyewe huuita unga wa nano. Ukisambaa vizuri, huzuia chembe za chuma zisikue kwa joto, na chuma chenye chembe ndogo hakikatiki ovyo. Lakini Kampala hii na mvua zake! Unga ukinyonya unyevu hushikana mabonge, na bonge ndani ya kiungo ni ufa.

Kwa hiyo mzee aliweka desturi: kila asubuhi, kiungo cha kwanza kinararuliwa kwenye mashine ya kuvuta. Kiking'oka na kipande cha bati, kama kifungo kinachotoka na kitambaa chake, kazi inaanza. Mabati yakiachana tambarare, unga huo haufai.

Nilipohamia kiwanda cha kuunda mabodi ya mabasi, kilichotumia mashine na unga wa aina ileile, nilikwenda na desturi hiyo. Meneja wa uzalishaji aliichukia tangu mwanzo. Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, tulikuwa na viti vya basi la shule vya kumalizia, na mteja amesimama getini.

"Hajjat, leo hakuna kurarua. Washa mashine."

"Bila kurarua siwashi, ssebo," nikamjibu kwa heshima, kama mtu anavyomwita bwana mkubwa.

"Kila siku unaniharibia mabati! Nani mkubwa hapa?"

"Mkubwa ni wewe. Lakini mtoto atakayekalia kiti hiki hakujui."

"Basi fanya ninavyosema, au nenda nyumbani!"

Nyumbani nilikuwa na mume mgonjwa na watoto wanaonitegemea mimi. Niliogopa, nisiwadanganye. Hata hivyo nilichukua vipande viwili, nikachomelea kiungo kimoja tu cha kupima, nikakifunga kwenye mashine ya kuvuta mbele ya karakana nzima. Kikaachana tambarare. Ndani mlikuwa na mabonge meupe, kila mtu akayaona.

"Bahati mbaya tu," meneja akasema. "Rudia."

Nikarudia. Kikaachana vilevile. Meneja akajifuta jasho, akaamuru unga wote utupwe na mwingine ukaushwe upya. Kisha akanigeukia: "Na wewe, kuanzia kesho uko stoo."

Stoo nilikaa, nikagawa bolti na glavu mpaka siku ya kustaafu. Mashine sikuigusa tena, na iliniuma, ee, iliniuma sana. Leo tukikutana kwenye harusi, wenzangu hunicheka: "Hajjat, ukaidi ulikuponza. Ungestaafu bosi." Labda. Na ingerudi asubuhi ile, ningerarua tena.

Nanyi vijana mtaambiwa muda umekwisha, mteja yuko getini. Rarueni.

Basi lile bado linapita karibu na kwangu, limejaa sare za shule na makelele. Dereva wake anakwenda mbio, hana adabu kabisa. Mimi husimama kando ya barabara nikamtazama, nikasema moyoni: piga breki unavyotaka, viti havitang'oka.